Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ndogo: Chagua Vifaa Vizuri Kabla Akiba Yako Haijatoka kwa Simu

Mwisho wa mwezi ukikaribia, kuna swali ambalo vijana wengi, na wazazi wao pia, hutuuliza: "Nimeweka pesa kidogo kidogo mpaka zimefika. Nataka kompyuta ya kuchezea gemu. Nimlipe vipi muuzaji bila kuchomwa?"

Swali ni la malipo, lakini jibu lake linaanza mapema, kabla hata hujashika simu. Mtu anayejenga kompyuta kwa mara ya kwanza hapotezi pesa kwa matapeli pekee. Anaweza kuipoteza kwa muuzaji mwaminifu kabisa. Amenunua kifaa kizima, kinachofanya kazi, ila hakiingii kwenye mashine yake. Muuzaji anamwambia, "Si hii ndiyo uliitisha?" Na kweli, ndiyo aliyoitisha. Akiba ya miezi imebaki mezani ndani ya boksi.

Ndiyo maana leo tunazungumzia vifaa kwanza, kisha malipo. Ukishika kanuni moja tu kutoka kwa makala haya, iwe hii: kila unapolipa, ubaki na mashine inayowaka. Usilipie kifaa ambacho huwezi kukijaribu wiki hiyo hiyo. Sababu yake utaiona tukiendelea.

Anza na gemu, duka litafuata

Kabla ya kuuliza bei yoyote, andika gemu tatu unazotaka kucheza kweli. Si zile umeona kwa YouTube tu. Andika zile utacheza Jumamosi na marafiki. Kisha fungua ukurasa wa kila gemu kwenye Steam au tovuti ya waliyoitengeneza, ushuke hadi sehemu ya mahitaji ya mashine. Utakuta safu mbili: kiwango cha chini na kiwango kinachopendekezwa. Kiwango cha chini maana yake gemu itafunguka. Kile kinachopendekezwa maana yake utaifurahia. Nunua ukiangalia safu ya pili.

Tofauti kati ya gemu moja na nyingine ni kubwa. GTA V ilipoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, ilipendekeza kadi ya GTX 660 yenye GB 2, kadi ambayo leo ni ya kizamani. Cyberpunk 2077, tangu sasisho kubwa la 2023, inataka angalau GTX 1060 ya GB 6 pamoja na SSD. Anayetaka ya kwanza hana haja ya kulipia mashine ya yule anayetaka ya pili.

Kuna gemu nyingine ambazo shida yake si nguvu, ni usalama. Valorant ikichezwa kwenye Windows 11 hudai vitu viwili viwe vimewashwa: TPM 2.0 na Secure Boot. Mashine ya zamani isiyo na vitu hivyo haitaifungua hata ikiwa na nguvu za kutosha. Tutarudi hapo tukifika kwa prosesa.

Jambo la pili la kuamua mapema ni monita. Kwa bajeti ndogo, lenga monita ya 1080p, yaani nukta 1920 kwa 1080. Monita ya 4K ina nukta mara nne ya hizo, na kila nukta ni kazi kwa mashine. Monita ya ofisi iliyotumika inatosha kabisa kuanzia. Ila angalia soketi zake nyuma. Kadi nyingi za miaka ya karibuni, GTX 1650 ikiwemo, hazina soketi ya VGA, ile ya bluu yenye skrubu mbili. Ukiwa na monita ya VGA peke yake, utalazimika kununua adapta, na si kila adapta hufanya kazi vizuri.

Vifaa vyenyewe, kwa lugha ya kawaida

Prosesa ni ubongo wa mashine. Hupiga hesabu za gemu: mpira umeenda wapi, adui amejificha wapi.

Kadi ya grafiki, ambayo madukani huitwa GPU, ndiyo huchora unachokiona. Kwa mtu wa gemu, hiki ndicho kifaa kinachostahili pesa nyingi kuliko vingine. Ina kumbukumbu yake yenyewe. GB 4 ni ya kuanzia, GB 6 au 8 ni afadhali.

RAM ni meza ya kufanyia kazi. GB 8 hubana, GB 16 hutosha. Nunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, maana mashine huvisoma vyote viwili kwa pamoja. Na fahamu kwamba DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani: mkato wa chini umekaa mahali tofauti, kwa hivyo haitaingia hata ukilazimisha. RAM ya laptopu nayo ni fupi, haitoshei kompyuta ya mezani.

SSD ni kabati. Diski ya zamani inayozunguka ni rahisi kwa bei lakini itakufanya usubiri. Usichukue chini ya GB 500 kama una uwezo, kwa sababu gemu moja kubwa siku hizi hupita GB 100.

Ubao mkuu, ule mafundi huuita mazabodi, ndio huunganisha vyote. Hauongezi kasi ya gemu, kwa hivyo usiuwekee pesa nyingi, ila ndio huamua prosesa gani na RAM gani vitaingia.

Pawa saplai ni kifaa ambacho wanaoanza huwa wanakipuuza, na ndicho hicho kinaweza kuua vingine vyote. Inachukua umeme wa ukutani na kuugawa. Ile isiyo na jina, imeandikwa wati 500 kwa stika tu, ikiungua inaweza kuondoka na mazabodi na GPU yako. Tafuta yenye alama ya 80 Plus kutoka kwa kampuni inayojulikana. Hapa usibane pesa.

Keisi ni nyumba tu. Inayopitisha hewa vizuri inatosha. Taa za rangi haziongezi kasi hata kidogo.

Njia mbili za kuanza

Kwa bajeti ndogo hapa Kenya, tunaona njia mbili zenye maana.

Njia ya kwanza ni kununua mashine ya ofisi iliyotumika, zile zinaitwa ex-UK, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha kuiongezea GPU. Uzuri wake ni kwamba unapata prosesa, mazabodi, RAM, keisi na pawa saplai kwa malipo mamoja, na mashine inawaka siku hiyo hiyo. Unaweza kuitumia kwa kazi za shule au biashara huku ukiweka akiba ya GPU.

Lakini njia hii ina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni ukubwa. Mashine hizi huja kwa saizi tofauti. Zile ndogo kama kitabu, za Micro au Mini, haziwezi kuingiza GPU ya kawaida kabisa. Zile nyembamba, zinazoitwa SFF, huingiza kadi fupi tu. Unayotaka ni ile kubwa ya kusimama, ambayo huitwa tower. Ikiwa mbili zinatofautiana kwa elfu moja au mbili, lipa hiyo tofauti uchukue tower.

Mtego wa pili ni umeme. Pawa saplai za mashine hizi mara nyingi ni kati ya wati 180 na 260, na hazina waya za ziada za kulisha GPU. Tena, nyingi zinatumia soketi za kampuni yenyewe, kwa hivyo huwezi kuingia tu dukani ukanunua pawa saplai ya kawaida na kuchomeka. Suluhisho ni kuchagua GPU inayokula umeme kupitia sloti ya mazabodi pekee, ambayo hutoa hadi wati 75. GTX 1050 Ti na GTX 1650 ziko kwenye kundi hilo. Ila angalia kadi yenyewe kwa macho, maana kuna matoleo ya GTX 1650 yenye soketi ya ziada ya pini 6. Ukiona soketi hiyo juu ya kadi, hiyo si ya mashine yako. Kadi kama RX 580, ambayo hula takriban wati 185, isahau kabisa kwa njia hii.

Mtego wa tatu ni umri. Windows 10 iliacha kupata huduma za kawaida za Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Kwa hivyo kama gemu yako ni Valorant, au unataka mashine ikae miaka kadhaa, tafuta yenye i5-8500 au jirani zake. Mashine ya kizazi cha 6 itakuwa na bei ya chini na itacheza gemu nyingi za zamani vizuri, lakini jua unachokiacha.

Njia ya pili ni kujenga mashine mpya kwa kutumia prosesa yenye grafiki ndani yake. Mfano mzuri ni AMD Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, yenye kore 6. Hiyo herufi G mwishoni maana yake unaweza kucheza gemu nyepesi bila GPU kabisa, kisha ukaongeza kadi baadaye bila kutupa chochote. Kwa njia hii, vipande viwili vya RAM si hiari tena, kwa sababu grafiki hiyo inakopa RAM ya mashine. Ukiweka kipande kimoja, utaona gemu ikikwama na utalaumu prosesa bure.

Unahitaji mazabodi ya AM4, kwa mfano B450 au B550. Kama ni B450, muulize muuzaji: "BIOS yake imesasishwa kukubali 5600G?" Bodi iliyokaa sana kwa rafu inaweza kuwa haijasasishwa, na ukiifunga nyumbani skrini itabaki nyeusi. Pawa saplai ya wati 500 au 550 iliyo nzuri itakuruhusu kuongeza GPU kama RX 6600 siku za usoni, ambayo hula wati 132.

Ugumu wa njia hii ni kwamba mashine haiwaki mpaka vifaa vyote viwepo. Na hapa ndipo kanuni yetu inapoanza kufanya kazi.

Kwa nini usinunue kipande kwa kipande

Wengi wetu hununua vitu vikubwa pole pole. Mwezi huu mabati, mwezi ujao misumari. Kwa nyumba inafaa. Kwa kompyuta inaumiza.

Tuseme umenunua mazabodi Januari, RAM Machi, prosesa Juni. Muuzaji wa mazabodi alikupa siku 7 za kurudisha ikiwa na shida. Wewe umeiwasha kwa mara ya kwanza Juni. Haiwaki. Je, ni mazabodi, ni RAM, au ni prosesa? Huwezi kujua, na hata ukijua, zile siku 7 ziliisha kabla ya Pasaka. Hakuna aliyekutapeli, na bado umepoteza.

Afadhali pesa ikae. Weka kwenye akaunti ya akiba ya simu unayoweza kuifunga hadi tarehe fulani, au kwenye chama, mpaka itoshe vifaa vyote vya kuiwasha mashine. Kisha nunua vyote ndani ya wiki moja, ikiwezekana duka moja, ufunge na kujaribu mara moja. Kama huwezi kusubiri, fuata njia ya kwanza: mashine ya ofisi leo, GPU baadaye. Kila malipo hapo yanakuacha na mashine inayowaka.

Jambo lingine tunalisema waziwazi hata kama biashara yetu ni pesa za simu: usichukue mkopo wa simu kununua mashine ya gemu. Mkopo wa siku 30 utakudai kabla hujamaliza hata gemu ya kwanza.

Majina yanayochanganya

Muuzaji anaweza kukuambia ukweli mtupu na bado ukaelewa vibaya, kwa sababu majina ya vifaa hivi yanafanana. Haya ndiyo ya kukumbuka:

"Ni Core i7 hii!" Uliza kizazi. Kwenye i7-2600, tarakimu ya kwanza, 2, ndiyo kizazi, na prosesa hiyo ni ya mwaka 2011. Kwenye i3-12100, tarakimu mbili za kwanza, 12, ndizo kizazi, na ni ya 2022. Hiyo i3 inaishinda hiyo i7 kwenye gemu. Namba ya i peke yake haikuambii kitu.

Herufi F. Prosesa ya Intel yenye F mwishoni, kama i3-12100F, haina grafiki ndani. Bila GPU, hutaona chochote kwenye monita. Si mbovu, imetengenezwa hivyo.

GTX 1060 ya GB 3 na ya GB 6. Watu hudhani tofauti ni kumbukumbu tu. La. Ya GB 3 ina kore 1152, ya GB 6 ina kore 1280. Ni kadi mbili tofauti zenye jina moja.

RX 580 na RX 580 2048SP. Ya kweli ina vitengo 2304 vya kuchakata. Hiyo ya pili ina 2048, sawa na RX 570. Usilipe bei ya 580 kwa 570.

GT 1030. Kuna ya GDDR5 na kuna ya DDR4. Ya DDR4 ina kumbukumbu ya polepole zaidi, na kwenye gemu utaiona tofauti hiyo.

Halafu kuna zile za uongo kabisa: kadi ya zamani sana ambayo programu yake ya ndani imebadilishwa ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows itaamini. Programu ya bure inayoitwa GPU-Z ina uwezo wa kuzigundua nyingi na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Ibebe kwenye flashi ukienda dukani.

Kadi nyingi zilizotumika pia zimetoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Ethereum ilipoacha mfumo huo Septemba 2022, kadi nyingi zilikosa kazi zikaingia sokoni. Kadi ya aina hiyo si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimezunguka mchana na usiku. Isikilize ikifanya kazi kabla ya kuipenda.

Kugawa bajeti

Bei hupanda na kushuka kulingana na dola na mzigo uliofika, kwa hivyo hatutakupa bei za dukani. Tutakupa mgawanyo. Kwa njia ya kwanza, kila shilingi 100 tungeigawa hivi:

Mashine yenyewe, pamoja na RAM na SSD: 40
GPU: 30
Monita, kibodi na mausi: 15
Kinga ya umeme: 5
Pesa ya kubaki: 10

Ukiwa na KSh 50,000, hiyo ni 20,000 kwa mashine, 15,000 kwa GPU, 7,500 kwa monita na vyake, 2,500 kwa kinga ya umeme, na 5,000 inabaki kwa simu. Hiyo ya kubaki usiiguse. Ndiyo italipia nauli ya kurudi dukani, waya uliosahaulika, au fundi.

Kama tayari una monita nyumbani, ile 15 ipeleke kwa GPU. Na kama mashine unayoangalia tayari ina RAM ya GB 16, hesabu hilo kama faida kubwa. Bei ya RAM ilipanda sana duniani kuelekea mwisho wa 2025, kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vilikuwa vinaichukua kwa wingi.

Kinga ya umeme si mapambo. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, ndiyo itasimama kati ya mashine yako na hasara. Kuhusu tokeni, hesabu ni rahisi: mashine inayokula wati 200 kwa saa 4 hutumia uniti 0.8 kwa siku, yaani uniti 24 kwa mwezi. Mjulishe anayelipa stima nyumbani kabla hajajionea mwenyewe.

Jaribu kabla ya kulipa

Ukienda Luthuli au Moi Avenue, au kwa duka la mtaani kwenu, usikubali kuharakishwa. Omba mashine iwashwe mbele yako, kisha fanya haya:

1. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance. Linganisha prosesa, RAM, diski na GPU na kile ulichoambiwa.
2. Fungua GPU-Z uangalie jina, kumbukumbu na idadi ya kore za kadi.
3. Fungua CrystalDiskInfo uone afya ya SSD na saa ilizofanya kazi.
4. Acha gemu au programu ya kupima GPU iende kwa dakika 20. Angalia joto. Likipita nyuzi 85 na bado linapanda, uliza kwa nini.
5. Sikiliza feni. Angalia kama kuna mistari au madoadoa kwenye picha.
6. Chomeka kitu kwenye kila soketi ya USB.

Muuzaji anayekataa mashine yake ijaribiwe amekujibu tayari. Mshukuru, uende duka lifuatalo.

Kulipa sasa

Umeona mashine ikiwaka, umeridhika. Hapa ndipo tunapoingia sisi.

Lipa kwa till au paybill ya duka, si kwa namba ya mtu binafsi. Jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN lisome lote. Lifanane na jina la duka na la risiti. Ukiambiwa "till yetu leo ina shida, tuma kwa hii namba ya binamu yangu," subiri mpaka till ipone.

Usitume diposti kwa mtu hujamwona wala kifaa chake. Tangazo la GPU kwa nusu ya bei ya maduka mengine, muuzaji yuko mji mwingine, na eti kuna wateja wengine watatu wanaingoja: huo ndio mbuzi kwenye gunia. Kama uko Kisumu au Lodwar na kifaa kiko Nairobi, tafuta ndugu au rafiki akione kwanza, au kubaliana ulipe ukipokea mzigo na kuufungua.

Elewa kurudishiwa pesa ni nini. Ukituma kwa namba isiyo sahihi, wasiliana nasi mara moja kupitia njia zetu rasmi, kwa sababu kila dakika ina maana kabla mpokeaji hajazitoa. Lakini huduma hiyo ni ya pesa iliyopotea njia. Hatuwezi kuchukua pesa kwa muuzaji kwa sababu RAM haikuingia. Hayo ni makubaliano kati yako na duka, ndiyo maana tumetumia nafasi kubwa hapo juu kuzungumzia vifaa.

Kwa hivyo yaandike makubaliano hayo. Risiti iwe na jina kamili la kifaa, namba yake ya siri iliyo kwenye stika, na siku za kurudisha. Usikubali risiti imeandikwa "kompyuta 1" tu. Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Haki hizo ni rahisi kudai ukiwa na karatasi mkononi na meseji ya malipo kwa simu. Usiifute meseji hiyo. Ina tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea.

PIN ni yako peke yako. Hakuna muuzaji, fundi wala mhudumu wetu anayeihitaji ili ulipe kifaa. Ukitoa simu umwonyeshe meseji, mwonyeshe ukiwa umeishika wewe.

Na ukiuza mashine ya zamani ili kuongezea bajeti, mambo yanageuka: sasa wewe ndiwe unayeweza kutumiwa meseji bandia. Usiachilie kifaa kwa sababu ya meseji. Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Pesa ikiwa imeingia, salio litasema.

Ukishafika nyumbani

Jambo dogo la mwisho, kwa sababu limewatia watu wengi hofu bure. Ukiweka GPU, waya wa monita uchomeke kwenye GPU yenyewe, si kwenye soketi ya mazabodi iliyo juu yake. Ukikosea hapo, utaona skrini nyeusi au gemu ikikwama kama vile hujaongeza chochote, na kadi yako ni nzima kabisa. Weka draiva kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD, si kwingine.

Kisha itumie mashine sana zile siku za kwanza. Cheza, fanya kazi, iache iwake muda mrefu. Kifaa chenye kasoro huwa kinajionyesha mapema, na unataka kijionyeshe ukiwa bado ndani ya siku ulizoandikiwa kwa risiti.

Piga skrini orodha hii kabla ya kutoka nyumbani:

Gemu zangu tatu na mahitaji yake nimeyaandika.
Mashine ni tower, na kizazi cha prosesa nakijua.
Wati za GPU zinatoshana na pawa saplai.
Monita na GPU zina soketi inayofanana.
Flashi yangu ina GPU-Z na CrystalDiskInfo.
Pesa ya vifaa vyote vya kuiwasha mashine iko tayari.
Asilimia 10 inabaki.
Nitalipa kwa till nikishaona ikiwaka, na risiti itakuwa na jina kamili la kifaa.

Ukikwama kwenye malipo, tupigie kwa namba rasmi iliyo kwenye app kabla hujabonyeza kutuma. Ni rahisi zaidi kukusaidia wakati huo kuliko baadaye.